Mtunzi Aliyepigwa Chapa Magila

Hapo Magila, mwendo mfupi kutoka mji wa Muheza, mahali ambapo wamisionari wa Kiingereza walifika mwaka 1868 na baadaye wakaweka mtambo wao wa kupigia chapa, kilianza kutolewa mwaka 1895, sehemu baada ya sehemu, kitabu cha Habari za Wakilindi. Nacho, kwa itikadi yangu, ndicho kistahilicho kutajwa kwanza kila inapohadithiwa asili ya masimulizi marefu ya nathari katika Kiswahili. Mtungaji wake, Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, hakuwa mwanafunzi wa misheni, bali Mwislamu wa pwani aliyekaa milimani na Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, akayajua mabaraza yao, na hatimaye akawa liwali wa Tanga katika zama za Wadachi.

Yeye aliandika tarikhi, wala hakudai kuandika kingine. Lakini tazama jinsi anavyomleta Mbega, mwanzilishi wa ukoo huo. Kijana huyu wa Ngulu aliota meno ya juu kwanza, akawa kigego, mtoto ambaye ada ilitaka auawe. Wazazi wakamsitiri, nao walipofariki, jamaa wakamnyima urithi na kumsingizia uchawi. Akakimbilia Kilindi pamoja na mbwa wake, akasuhubiana na mwana wa mfalme, na mwana huyo alipouawa na nguruwe mawindoni, Mbega akatoroka mara ya pili, hata akawafikia Wasambaa, ambao walimpenda kwa nyama aliyowagawia. Na alipomuua simba usiku njiani kwenda Vuga, haiba yake ikatimia, akatawazwa huko kuwa mfalme wao.

Mwandishi wa nasaba tupu angalitosheka na majina ya wafalme. Abdallah huwaacha watu waseme wenyewe, wabembelezane, watishane, watumiane wajumbe, hata msomaji akazifahamu nia zao kabla hawajazitenda. Na afikapo kwenye fitina zilizozuka baada ya kufa mfalme Kimweri ye Nyumbai, na uasi wa Wabondei, wenyeji wa Muheza hii hii, kalamu yake hupamba moto, maana wengi wa watu hao aliwajua kwa sura.

Sehemu ya mwisho ilipigwa chapa mwaka 1907, miaka miwili kabla hajazaliwa Shaaban Robert huko Vibambani, karibu na Tanga. Shaaban, ni haki yake, husomwa kwa ufasaha wake. Abdallah huendewa zaidi na wanahistoria watafutao ushahidi wa vita na enzi, ambao wakiisha kuupata hukifunga kitabu, na ufundi wa msimulizi ukabaki bila kushuhudiwa.