Mto Unaingia: Kisa cha Uvira na Mabwana wa London

Mtu akilaumiwa mbele ya watu ana njia tatu. Aweza kunyamaza. Aweza kukasirika na kurudisha tusi kwa tusi. Au aweza kujibu kwa neno la kuchekesha lenye kweli ndani yake, hata mwenye kumlaumu akacheka naye, na lawama ikapoa kama uji uliopulizwa. Njia hii ya tatu ni nzuri kupita zote, nayo ni ngumu kupita zote, kwa kuwa kicheko ni kama kisu: chaweza kukata mkate, na chaweza kukata mkono.

Leo hatutatafuta mifano mbali. Tutasimulia habari ya pwani yetu hii ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, habari ya Uvira na mto Rusizi. Kwa ajili ya mto huu mabwana wakubwa wa Ulaya waligombana miaka mingi, wakachekana, wakaumizana. Na jawabu la ugomvi wao lilikuwa limekwisha kutolewa Uvira, bure, tangu siku ya kwanza.

Vijana watatu wa Uvira

Katika mwezi wa Februari mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji wakitafuta chemchemi ya mto Nili. Walikuwa wagonjwa sana. Burton hakuweza kutembea. Speke macho yake yalikuwa yameingia giza, na katika safari yake ya kuvuka ziwa mdudu aliingia sikioni mwake usiku; akajaribu kumtoa kwa kisu, akajijeruhi, akawa kama kiziwi kwa muda mrefu. Hao ndio waliotumwa kuitazama nchi na kuisikiliza!

Speke alivuka ziwa mpaka kisiwa cha Kasenge, akaongea na mfanyabiashara Mwarabu, Hamed bin Sulayyim. Akarudi Ujiji na habari kubwa: upande wa kaskazini kuna mto mkubwa unaotoka ziwani. Wote wawili wakafurahi mno. Kama mto unatoka kuelekea kaskazini, basi huo ndio Nili, na kazi imekwisha. Tena huko Ujiji alikuwako mtu aitwaye Seif, aliyesema kwamba ameuona mlango wa mto huo kwa macho yake mwenyewe.

Basi wakakodi mitumbwi kwa Kannena, mkubwa wa Ujiji, wakapiga makasia mpaka Uvira, wakafika tarehe 26 Aprili 1858. Siku zile Uvira ilikuwa kituo cha mwisho cha wafanyabiashara upande wa kaskazini. Pembe za ndovu zilinunuliwa pale, na nafaka, na vitu vya chuma, na kwa huzuni tunasema, watu pia.

Wana watatu wa Mwami Maruta wakaja kuwaamkia wageni. Walikuwa vijana wenye miili mizuri na adabu nzuri. Wakaulizwa habari ya mto Rusizi. Wakajibu bila kusitasita: tumefika huko, nao mto unaingia ziwani, hautoki. Watu wote waliosimama pale wakasema vile vile. Burton ameandika mwenyewe kwamba moyo wake uliugua aliposikia neno hilo.

Hapo ndipo kila mtu alipoanza kuungama. Sidi Mubarak Bombay, yule Mwafrika mwaminifu aliyekuwa mkalimani wa Speke, akasema kwamba bwana wake hakumfahamu Hamed sawasawa: Hamed alinena habari ya mto unaoingia, bwana akasikia unatoka. Na Seif, yule aliyeuona mto kwa macho yake? Seif akakiri kwamba hajapita Uvira hata siku moja, wala hana nia ya kupita.

Tunamheshimu Seif kwa maneno haya. Uongo wake ulikuwa mkubwa, lakini maungamo yake yalikuwa mafupi na ya kuchekesha, nayo ni afadhali kuliko maungamo ya wenye elimu, kama mtakavyoona.

Wageni walitaka kwenda mpaka mlango wa mto, mwendo mfupi tu wa mtumbwi. Kannena na wapiga makasia wake wakakataa kwa kuwaogopa watu wa kule mbele. Basi wakageuka mwanzoni mwa Mei, wakarudi Ujiji bila kuuona mto.

Teke la Bath

Baadaye wenzi hawa wawili walifarakana. Speke alikwenda peke yake kaskazini, akaliona ziwa kubwa la Nyanza tarehe 3 Agosti 1858, akasema kwamba hilo ndilo chemchemi ya Nili. Burton hakukubali. Speke akatangulia kufika London mwaka 1859, akapata sifa zote. Kisha akaenda tena, na mwaka 1862 akaona mahali Nili inapotoka Nyanza. Burton akabaki na uchungu.

Burton alikuwa mtu wa maneno. Alijua lugha nyingi, na ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe. Katika Septemba 1864 wataalamu walikusanyika katika mji wa Bath, Uingereza, ili wawasikilize Burton na Speke wakibishana hadharani. Rafiki mmoja akamletea Burton maneno: Speke amesema, ukithubutu kupanda jukwaani atakupiga teke. Burton akajibu kwamba kama ni hivyo, shauri limekwisha. Sasa hana budi kwenda, ili alipate hilo teke.

Jawabu hili ni zuri. Tunacheka hata leo, kwa sababu Burton alilichukua tusi, akalifanya kuwa mwaliko. Kama angaliishia hapo, tungalimweka katika habari hii kuwa mwalimu wetu.

Lakini mambo yaligeuka. Siku ya kuamkia mabishano, tarehe 15 Septemba, Speke alitoka kwenda kuwinda. Alipokuwa akivuka ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake ikafyatuka, akafa. Kesho yake wataalamu walikuwa wamekwisha kukaa wakingoja kicheko, wakaletewa habari ya msiba. Burton alipofika nyumbani alilia sana.

Machozi hayakumzuia. Mwaka ule ule akatoa kitabu juu ya bonde la Nili pamoja na James M'Queen, na ndani yake mlikuwa na dhihaka nyingi juu ya Speke, ambaye sasa hakuweza kujibu. Tena Burton akaandika kwamba mto Rusizi hauingii ziwani, bali unatoka! Ndiyo, Burton yule yule aliyeketi Uvira akawasikia wale vijana watatu, na mwaka 1860 akaliandika neno lao katika kitabu chake. Alitaka ziwa lake, Tanganyika, liwe chemchemi ya Nili kuliko ziwa la Speke, na kwa ajili hiyo akaugeuza mto wetu urudi nyuma.

Hapa ndipo mzaha unapokuwa ugonjwa. Mtu mwenye maneno ya kuchekesha akisifiwa sana, hupenda ushindi kuliko kweli. Watu wa Ulaya walicheka pamoja na Burton, lakini mto uliendelea kuingia.

Aliyecheka na aliyekasirika

Miaka 7 ikapita. Mwezi wa Novemba 1871 Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alimkuta Daktari Livingstone huko Ujiji. Livingstone alikuwa mzee aliyechoka. Mali aliyotumiwa ilikuwa imeuzwa yote na mtu aliyewekwa kuilinda. Walakini Stanley ameandika kwamba mzee huyu alikuwa na masihara mengi ya upole, na kwamba alipocheka alicheka mwili mzima, hata mwenzake hakuweza kujizuia.

Hao wawili wakapanda mtumbwi, wakasafiri mpaka kaskazini ya ziwa, wakafanya jambo ambalo mabwana wa London hawakulifanya: walikwenda kutazama. Wakaingia katika mlango wa Rusizi, wakaona maji yakishuka kwa nguvu kuingia ziwani. Mwami Ruhinga wa pale akawaeleza habari za mito ya nchi yake. Neno la vijana wa Uvira likawa kweli, baada ya miaka 13.

Stanley akafika Uingereza mwezi wa Agosti 1872 na habari hizo. Je, walimshangilia? Wengine ndiyo, wengine walimcheka. Hata kabla hajafika, Bwana Rawlinson, mkuu wa Chama cha Jiografia cha London, alikuwa amesema kwamba si Stanley aliyemwona Livingstone, bali Livingstone ndiye aliyemwona Stanley. Wengine walidai kwamba barua za Livingstone alizozileta ni za uongo, mpaka jamaa za Daktari wakashuhudia mwandiko. Na ile salamu yake ya Ujiji, ya kumwuliza mzee kwa adabu nyingi kama yeye ndiye Daktari Livingstone, watu waliigeuza kuwa mchezo, ikamfuata mpaka kufa kwake.

Stanley alikuwa shujaa wa njiani, lakini mbele ya kicheko alikuwa kama mtoto. Alikuwa amezaliwa katika umaskini, akalelewa katika nyumba ya maskini, na kila cheko lilimgusa kidonda kile cha zamani. Huko Brighton, mwezi ule ule wa Agosti, waganga walimfanyia karamu. Alipokuwa akisema, mtu mmoja akacheka. Stanley akadhani anachekwa yeye, akaondoka karamuni kwa hasira. Magazeti yakapata chakula kipya.

Tunamhurumia. Lakini fikirini, kama angalimjibu Bwana Rawlinson hivi: “Ni kweli, bwana, Daktari ndiye aliyeniona, nami nilifurahi kuonekana, maana hapa London hakuna aliyetaka kunitazama.” Maneno haya ni yetu, si yake. Nani asingalicheka? Na nani asingaliona haya? Mwaka 1873 chama kile kile kilimpa nishani ya dhahabu. Kweli ilikuwa upande wake tangu mwanzo. Alikosa subira tu ya kuingoja akitabasamu.

Dawa iliyokuwa ndani ya msafara

Ajabu moja ni hii: mabwana hawa walisafiri siku zote pamoja na watu waliojua dawa ya ugonjwa wao. Dawa hiyo ni utani. Katika njia za misafara, tangu pwani mpaka ziwa, Wanyamwezi na watu wa pwani walikuwa watani. Mtani humwambia mtani wake mchoyo, mwoga, mla panya, na mwenye kuambiwa haruhusiwi kukasirika. Kazi yake ni kutafuta neno lililo zuri zaidi. Lakini mtani huyo huyo, ukifiwa, ndiye anayekuja kukusaidia kuzika.

Angalieni basi tofauti. Mtani hukucheka ungali hai na waweza kujibu, kisha hukuzika kwa heshima. Burton alimcheka mwenzake baada ya kuzikwa. Mtani hujua kwamba kesho zamu ya kuchekwa ni yake. Stanley hakuijua zamu hiyo.

Nasi Wakristo tunaye mwalimu katika Injili, yule mama Mkanaani. Alipewa jawabu gumu, ya kuwa chakula cha watoto hakitupiwi mbwa. Hakulia, hakutukana. Alilichukua neno lile lile la mbwa, akaomba makombo yaangukayo mezani. Naye alisifiwa imani yake, na binti yake akapona. Hakusema uongo, wala hakumdharau mtu. Alijishusha mwenyewe, na kwa kujishusha akashinda.

Mto ungali unaingia

Leo kila mtoto wa shule ya Uvira ajua kwamba Rusizi hutoka Ziwa Kivu, lililo juu kiasi cha mita 1,460, na kushuka mpaka Tanganyika, lililo kiasi cha mita 770. Maji hayapandi mlima kwa ajili ya kumfurahisha bwana yeyote. Ziwa letu hutoa maji yake upande wa magharibi kwa mto Lukuga, aliouona Mwingereza Cameron mwaka 1874, nayo huenda Lualaba, yaani Kongo. Livingstone naye alikosea: alikufa mwaka 1873 akidhani kwamba Lualaba ndiyo Nili.

Twaandika habari hii kwa sababu bonde hili la Rusizi limekwisha kuona mara nyingi maneno ya dharau yakitangulia, na damu ikifuata. Mzaha juu ya jirani hupita soko kwa soko, nao husemwa mahali ambapo jirani hayupo kujibu. Huo si utani. Basi ukilaumiwa, mdogo wetu, jicheke wewe kwanza, kisha useme kweli. Na ukiitwa kumcheka mtu asiyekuwapo, au kushuhudia habari za kabila usilolijua na nyumba usiyoingia, jibu kama Seif alivyojibu siku ile Uvira, ila wewe ujibu mapema kuliko yeye: huko sijafika.