Uziwi wa Mafundi wa Maboila

Mwaka 1886, daktari Thomas Barr wa Glasgow aliwapima masikio mafundi 100 wa maboila. Kazi yao ilikuwa kuunga mabati mazito ya chuma kwa nyundo na ribiti, wengine wakiwa ndani ya boila lenyewe. Hakumkuta hata mmoja mwenye usikivu mzima.

Madhara yalijulikana, lakini uziwi ulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Kanuni za jumla za kuwataka waajiri wa Uingereza wapunguze kelele kazini zilitungwa mwaka 1989, yaani miaka 103 baadaye.

Sikio halizoei kelele. Vinyweleo vya sikio la ndani vikifa, havioti tena. Fundi anayesema amezoea, huenda ameanza kuwa kiziwi.