Njaa mbili: mbona "unga ushuke bei" ni nusu tu ya mjadala

1/ Kila msimu wa kampeni lazima mtu apande jukwaani na paketi ya unga mkononi. Umati unapiga kelele. Kwa uzi huu sitaji mtu wala chama. Nataka tu tujue wanabishania nini hasa.

2/ Mwanzoni mwa miaka ya 80, Ukambani kulikuwa na njaa ambayo wazee waliiita Nĩkwa Ngwete, yaani "nakufa huku nimeshika." Kushika nini? Pesa. Noti iko mkononi, lakini mahindi hayapatikani. Susu, nyanya yangu, bado huitaja kwa sauti ya chini.

3/ Sasa igeuze. Leo ingia duka la mtaani, rafu zimejaa unga. Mwenye njaa anapita nje kwa sababu leo amekosa kibarua. Chakula kiko, mfuko ndio umekauka. Hizo ni njaa mbili, na dawa yake si moja.

4/ Mwanauchumi Amartya Sen alilieleza hili katika kitabu chake cha 1981. Njaa ya Bengal ya 1943 iliua mamilioni, na bado chakula hakikuwa kimepungua kiasi cha kueleza vifo hivyo. Bei ilipaa, ujira wa vibarua wa mashambani ukabaki chini. Waliokufa ni walioshindwa kununua.

5/ Kwetu, serikali ya kikoloni ilianza kudhibiti soko la mahindi 1942. Udhibiti ukaendelea baada ya uhuru hadi soko likafunguliwa miaka ya 90. Miaka yote hiyo swali kubwa lilikuwa bei na magunia. Mapato ya anayenunua yalisahaulika.

6/ Ndio maana bei ikipanda tunakimbilia ruzuku. 2017, paketi ya kilo 2 iliuzwa shilingi 90. 2022, ikawa 100. Ilisaidia, tusidanganyane. Lakini ruzuku inamfaidi tajiri na maskini sawa, na paketi zenyewe zilikuwa adimu madukani.

7/ Hesabu ndogo. Unga ukipanda shilingi 50, anayepata 5,000 kwa siku amepoteza asilimia 1. Anayepata 500 amepoteza asilimia 10. Wa kwanza hata hashtuki. Wa pili anapunguza mlo: kwanza mboga, halafu chakula cha mchana, na mwishowe mama analala njaa ili watoto wale.

8/ "Basi bei iwe chini daima?" Pole pole. Mkulima naye anakula kwa hiyo bei. Tena wakulima wengi wadogo huuza mahindi baada ya kuvuna, walipe karo ya Januari, kisha ghala likiisha wanarudi sokoni kununua kwa bei ya juu. Huyo ni mkulima, na bado ni mnunuzi. Shida yake ni mapato yasiyofika mwisho wa mwaka.

9/ Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Hakijasema "haki ya kuona unga dukani."

10/ Kwa hivyo akija kwenu na paketi mkononi, mpigie makofi ukitaka. Halafu muulize: "Mheshimiwa, bei tumesikia. Na pesa ya kununua itatoka wapi?" Akijibu la kwanza akaruka la pili, amejibu nusu.