Seva tatu, kitambulisho kimoja

Wasee, Novemba 2023 Telegram ilipogoma wakati wa KCSE, Bofu nzima wimbo ulikuwa mmoja: washa VPN. Sawa, lakini VPN moja ni mjumbe mmoja. Anajua wewe ni nani na unaenda wapi.

Dawa yake ilifikiriwa kabla sisi hatujazaliwa. 1981 Mmarekani David Chaum aliandika jinsi ya kufunga ujumbe kama bahasha ndani ya bahasha. Wa Bofu anampa wa Mtongwe, huyo anampa wa Kongowea. Wa kwanza anakujua ila hajui barua inaishia wapi. Wa mwisho anajua inakoishia ila hakujui. Miaka ya 90 maabara ya jeshi la majini la Marekani (jeshi, ndio!) ikaleta wazo hilo kwa intaneti, likazaa Tor.

Siku hizi kuna wanaokodi seva zao tatu nchi tatu na kuziunga. Hapo mimi nakataa. Zote umelipia kwa M-Pesa, laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako, na humo unapita peke yako. Barua za Chaum zilijificha kwa sababu zilichanganywa na za watu wengine. Wewe unatembea barabara tupu saa nane usiku umevaa barakoa.

Tena waulize Waganda. Julai 2018 walipotozwa shilingi 200 kwa siku kuingia mitandao ya kijamii, VPN ziliwabeba. Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, intaneti yote ikazimwa. Seva tatu ama kumi, utazifikiaje?