Mtoto aliyebebeshwa bunduki: sheria ilivyobadilika

Kwa zaidi ya miaka 58, watoto waliokosa nchini Kongo walihukumiwa kwa kufuata amri ya wakoloni wa Ubelgiji ya Desemba 6, 1950. Uhuru ulipopatikana mwaka 1960, amri hiyo ilibaki.

Januari 10, 2009, sheria nambari 09/001 ya ulinzi wa mtoto ilichukua nafasi yake. Mtoto ni yeyote asiyetimiza miaka 18. Aliye chini ya miaka 14 hahesabiwi kuwa na hatia ya jinai. Aliyezidi hapo husikilizwa na mahakama ya watoto. Anayemwingiza mtoto jeshini, polisi au katika kundi la silaha hufungwa miaka 10 hadi 20.

Walikale inamkumbuka Ntabo Ntaberi Sheka, mkuu wa kundi la NDC, aliyejisalimisha Julai 2017. Novemba 23, 2020, mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu kifungo cha maisha. Kati ya makosa yake: kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15.

Masisi na Walikale, wazazi wanaoogopa kumpokea mtoto aliyetoka msituni wajue: sheria inaiagiza Serikali kumtoa kundini na kumrudisha kwa jamaa yake. Mwenye kesi ni aliyempa bunduki.