Chumba kipya Kidahwe: chandarua kabla ya sofa

Mpangaji anayehamia Kidahwe, kandokando ya barabara ya Kigoma–Kasulu, mara nyingi hufika akiwa amekwisha kulipa kodi ya miezi kadhaa, na fedha iliyobaki mkononi ni kidogo. Hapo ndipo mpangilio wa manunuzi unapokuwa na uzito.

Kinachotangulia ni chandarua chenye dawa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 uliukuta Mkoa wa Kigoma ukiongoza nchini kwa malaria miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano, kwa takriban asilimia 24. Mbu aenezaye ugonjwa huo huuma zaidi usiku. Kwa hiyo chandarua kinunuliwe siku moja na godoro, siyo mwezi unaofuata, na kiwe kipana kiasi cha kuchomekwa chini yake pande zote.

Vyombo vya maji vifuate: dumu la lita 20 la kuchotea, sufuria ya kuchemshia, na ndoo ya kuhifadhia yenye mfuniko na koki, ili mikono isizame majini. Kipindupindu kilichozuka Kagunga mwezi Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipofurika mwambaoni, kiliua watu kadhaa.

Jiko la mkaa hupatikana kwa urahisi, lakini lisiachwe likiwaka katika chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua waliolala.

Kufuli imara lisisahaulike. Pazia? Kitenge, ambacho Kigoma hakikosekani, chatosha. Sofa na runinga vyaweza kungoja mavuno au mshahara.