Baraka: Mji wa Wageni Usiokuwa wa Utalii

Sifa za mji wa kitalii kwa kawaida huanzia kwenye maumbile yake. Kwa kipimo hicho, mji wa Baraka katika teritwari ya Fizi, Kivu ya Kusini, ulistahili kutajwa zamani. Umekaa kando ya Ghuba ya Burton, ukitazamana na rasi ya Ubwari. Nyuma yake milima hupanda kuelekea Itombwe. Mbele yake limetanda Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Samaki wadogo wa rangi wa ziwa hili hufugwa kama mapambo katika nyumba za Ulaya na Marekani, ingawa wavuvi wa ufukoni huwajali zaidi ndagala na mikeke. Wageni hawakukosa kufika Baraka. Jambo la kuchunguza ni aina ya wageni waliofika, na walichokifuata.

Aprili 1858, Richard Burton na John Speke walivuka kutoka Ujiji kwa mitumbwi wakielekea Uvira. Burton aliiandika Ubwari kuwa ni kisiwa. Hata hivyo ghuba ikapewa jina lake, heshima kubwa kwa mpita njia asiyetambua rasi. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Ujiji waliacha alama za ndani zaidi: lugha, Uislamu miongoni mwa Wabwari, na pengine jina la mji, kwani baraka ni neno lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Lakini biashara yao ilikuwa ya pembe na ya watumwa, na haifai kupambwa.

Mgeni maarufu kuliko wote alitua usiku, kwa siri. Tarehe 24 Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka kutoka Kigoma hadi Kibamba, kusini mwa Baraka, kuwasaidia waasi waliokuwa wakipigana na serikali ya Léopoldville. Wakyuba walijificha nyuma ya majina ya hesabu za Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, na Guevara mwenyewe akawa Tatu. Kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, alipewa kazi ya kumfundisha Kiswahili. Baadaye alipelekwa Cuba, akasomea udaktari, na huko akafariki mwaka 2005. Mwishoni mwa Septemba 1965 askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walishuka Baraka kutoka ziwani, na baada ya mapigano makali wakauteka mji, kisha Fizi mwezi uliofuata. Novemba Guevara akaondoka kwa njia aliyojia.

Mwezi Oktoba 1971 bustani kubwa ya michezo ya Walt Disney World ilifunguliwa karibu na Orlando, Marekani, na mji huo uliozungukwa na mashamba ya machungwa ukaanza kuishi kwa wageni. Mwaka huohuo milima ya Fizi ilikuwa chini ya chama cha PRP, kilichoundwa na Laurent-Désiré Kabila mwaka 1967, na aliyepanda huko bila idhini alikuwa adui. Mei 1975 wapiganaji wa PRP walivuka ziwa na kuwateka wanafunzi wanne waliokuwa wakifanya utafiti wa sokwe huko Gombe, Tanzania. Hivyo hata ng’ambo, ambako hifadhi ilikuwa imekwisha kuanzishwa, jina la Fizi lilitia hofu. Maumbile hayakuwa na kosa lolote.

Vita vya 1996 viligeuza mwelekeo wa safari. Septemba mwaka huo Banyamulenge waliuawa Baraka na katika vijiji vya ufukoni. Mwishoni mwa 1998 ikawa zamu ya wanakijiji wa Makobola, wengi wao Wabembe. Maelfu walivuka ziwa, wengi wakapokelewa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Safari za kuwarejesha kwa meli kutoka Kigoma zilipoanza Oktoba 2005, bandari yao ilikuwa Baraka. Waliozaliwa kambini waliujua mji huo kwa masimulizi ya wazazi tu, wakashuka kama wageni kwao. Wengine walikuta mashamba yakilimwa na watu wengine, na mabishano ya mipaka yakaanza kabla mahema hayajakunjwa.

Amri ya serikali ya Juni 2013 iliipa Baraka hadhi ya mji. Tangu 2015 teritwari ikawapokea kambini Lusenda Warundi waliokimbia machafuko ya kwao, yaani waliokimbiwa zamani wakawa wenye kukimbiliwa. Nyumba za kulala wageni zilizochipuka mjini katika miaka hiyo zilitegemea zaidi watumishi wa mashirika ya misaada. Watalii hawakuwa katika hesabu zake.